Mguu umevunjika, sawa. Umevunjikaje?

Mjomba wangu alipolazwa wodi ya mifupa, kitanda cha jirani kilikuwa na kijana wa bodaboda aliyeingia siku hiyo hiyo. Wote walivunjika mguu, wote wa kulia. Mjomba akafungwa hogo kuanzia juu ya goti hadi karibu na vidole, akaambiwa kesho kutwa anakwenda zake. Kijana akaambiwa asubiri zamu ya thieta. Mama yake hakukubali. "Mzee kafungwa plasta tu, mwanangu ndiyo mnataka kumchana? Si mseme mnataka hela."

Muuguzi hakubishana naye. Alichukua picha mbili za eksirei, akaziinua dirishani. Kwenye ya mjomba palikuwa na ufa mwembamba ukizunguka mfupa wa muundi kama mzabibu unavyozunguka mti, na mfupa wenyewe haukuhama hata kidogo. Kwenye ya kijana, mfupa wa paja ulikatika kama fimbo iliyokatwa kwa panga, na vipande vimepandana kiasi kwamba paja lilikuwa fupi kuliko la pili. "Mama, mguu ni mguu," alisema, "lakini hii haijavunjika sawa."

Tukimtembelea mgonjwa huwa tunauliza kavunjika wapi na atapona lini. Swali la kwanza la daktari wa mifupa ni jingine: umevunjikaje? Humo ndimo kilimo kisa cha ajali, ndimo lilimo jina la mvunjiko, na kwa kiasi kikubwa ndimo ilimo tiba.

Kama una chaki nyumbani, jaribu. Ishike ncha mbili uikunje: itakatika moja kwa moja, kwa kukingama. Sasa chukua nyingine uipinde kwa kuizungusha kama anayekamua nguo. Itaachana kwa mkato unaozunguka. Mfupa nao ndivyo unavyofanya. Mjomba alikanyaga mtaro vibaya, unyayo ukakwama, mwili ukageuka, muundi ukapasuka kwa kuzunguka. Kijana aligongwa pajani na gari, mfupa ukakatika kwa kukingama. Mfupa ulioangukiwa na tofali au kupitiwa na tairi mara nyingi husagika vipande vipande, maana nguvu ilikuwa kubwa kuliko ambayo mkato mmoja unaweza kuimaliza. Ndiyo maana daktari mzoefu akiambiwa "aliteleza tu" halafu picha ikaonyesha mfupa uliosagika, huuliza mara ya pili. Vivyo hivyo akiona paja lililovunjika kwa mtoto mchanga ambaye hata kutambaa bado. Paja la namna hiyo halivunjiki lenyewe kitandani.

Chaki lakini haina uhai. Mfupa unao. Ndani yake kuna nyuzi za protini zinazoupa kunyumbuka na madini ya kalsiamu na fosfeti yanayoupa ugumu, na juu umefunikwa na utando wenye damu nyingi. Kwa mtoto huo utando ni mnene na mfupa ni kama kijiti kibichi: ukiukunja, upande mmoja unapasuka, wa pili unapinda tu bila kuachana. Kwa bibi wa miaka 75 mfupa umepungukiwa hadi unafanana na kuni iliyoliwa na mchwa, nje imara, ndani matundu. Kuanguka kwa kujikwaa kwenye mkeka, jambo ambalo kijana angelicheka, kwake kunatosha kuvunja nyonga. Na kuna mifupa iliyokwisha dhoofika kwa ugonjwa: saratani iliyosambaa, maambukizi ya mfupa, au selimundu ambayo huua sehemu ya mfupa kwa kuikosesha damu. Mfupa wa namna hiyo hujivunjia kwa kitu kidogo, na kuufunga hogo bila kutafuta kilichoudhoofisha ni kupaka rangi ukuta wenye ufa.

Halafu kuna neno letu "kuteguka", linalobeba mizigo mingi kupita uwezo wake. Tunalitumia kifundo kinapovimba kwa kano kuchanika, tunalitumia kiungo kinapotoka mahali pake, na mara nyingi mno tunalitumia kwa mfupa uliovunjika kabisa. "Angekuwa amevunjika asingetembea," wanasema. Si kweli. Watu hutembelea vifundo vilivyovunjika. Kipimo chepesi kinachotumika hospitali nyingi duniani kilitungwa Ottawa, Kanada, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ukishindwa kupiga hatua 4, au ukiumia pale mfupa wa kifundo unapobonyezwa kwenye ukingo wake wa nyuma au ncha yake, piga picha. Uvimbe peke yake hauna la kusema upande wowote.

Kabla ya kuangalia mfupa, daktari anaangalia ngozi, na hapa naomba tukae kidogo. Ngozi ikiwa nzima, huo ni mvunjiko uliofungika. Kukiwa na jeraha linalofika kwenye mfupa, hata dogo kama tundu la msumari, ni mvunjiko wazi, na sasa tunazungumzia ugonjwa mwingine. Mwaka 1976 Gustilo na Anderson, wapasuaji wa Marekani, waliyapanga majeraha haya katika madaraja matatu ambayo yanatumika hadi leo. La kwanza, kidonda chini ya sentimita 1. La pili, zaidi ya hapo bila nyama kuharibika sana. La tatu, nyama imesagika, au uchafu ni mwingi, au mshipa mkubwa wa damu umekatika. Muundi ndio unaoongoza kwa hili, kwa sababu upande wake wa mbele hauna nyama kabisa, ni ngozi juu ya mfupa. Kila aliyewahi kugonga ugoko kwenye kona ya kitanda analijua hilo.

Mvunjiko wazi hauui mfupa kwa kuuvunja bali kwa kuuambukiza. Kwa hiyo dawa ya kuua bakteria inatakiwa iingie mapema, ikiwezekana ndani ya saa ya kwanza, pamoja na chanjo ya pepopunda, kisha jeraha lioshwe kwa maji mengi thieta na kila nyama iliyokufa ikatwe. Kosa la barabarani ni kuurudisha mfupa ndani kwa mikono, ukiwa na mchanga na mafuta ya pikipiki. Uache ulipo, funika kwa kitambaa safi, funga mguu kwenye ubao au hata kwenye mguu mzima, nenda. Majivu, kahawa na mafuta ya taa vibaki jikoni.

Baada ya ngozi, ndipo mfupa unapewa namba. Kundi la wapasuaji wa Uswisi lililoanzishwa mwaka 1958, linalojulikana kama AO, liliipa mifupa tarakimu: mkono wa juu 1, kigasha, yaani mkono chini ya kiwiko, 2, paja 3, muundi 4, kiuno 6. Tarakimu ya pili ni sehemu ya mfupa: 1 juu, 2 katikati, 3 chini. Kisha herufi A, B au C kadiri mvunjiko unavyozidi kuwa mgumu. Ukiona 42-A1 kwenye faili, ni muundi, katikati, mkato mmoja unaozunguka: huyo ni mjomba. Kijana ni 32-A3. Anayejua lugha hii hana haja ya kuona picha ili aanze kuandaa vifaa.

Si kila mvunjiko unahitaji makuu hayo. Mtulinga, ule mfupa wa juu ya kifua ambao mpanda baiskeli huvunja kwa kuangukia bega, mara nyingi hupona kwa mkono kutundikwa shingoni kwa kitambaa, ukabaki na nundu ndogo tu. Kifundo cha mkono huvunjika kwa mtu kujikinga na kiganja anapoanguka, na kikipinda kwa nyuma kinafanana na uma wa kulia chakula. Abraham Colles wa Dublin alikieleza mwaka 1814, miaka 81 kabla eksirei haijagunduliwa, kwa macho na vidole vyake tu. Huvutwa, hunyooshwa, hufungwa hogo. Kikiwa kimesagika hadi ndani ya kiungo, ndipo chuma kinapofikiriwa.

Kiwiko cha mtoto ni habari nyingine. Msimu wa maembe ukifika, watoto huanguka na mikono iliyonyooshwa, na mfupa wa mkono huvunjika juu kidogo ya kiwiko, mahali ulipo mwembamba. Mbele yake tu hupita mshipa mkubwa wa damu unaolisha mkono wote, na mishipa ya fahamu. Kipande kikali kikisukumwa mbele, mshipa unabanwa au kuchanika. Kwa hiyo mtoto huyu akifika, kabla hata ya picha, shika kifundo chake utafute mapigo, angalia kama vidole ni vya joto, mwambie aunganishe kidole gumba na cha shahada kufanya duara. Akishindwa, mshipa wa fahamu umeguswa. Mfupa usiohama hufungwa wiki 3 hivi. Uliohama hurudishwa mtoto akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi na kushikiliwa kwa sindano za chuma zinazochomolewa baada ya wiki 3 au 4. Kuuchua kwa mafuta kila jioni, jambo linalofanywa kwa mapenzi mema kabisa, kunaweza kufanya mfupa uote ndani ya misuli na kiwiko kikakataa kunyooka.

Tena kuna jambo linalopoteza mikono ya watoto na miguu ya watu wazima kimyakimya. Misuli ya kigasha na ya mguu chini ya goti imefungwa ndani ya mifuko ya utando isiyotanuka. Damu na uvimbe vikijaa humo, shinikizo hupanda hadi damu mpya haiingii, na baada ya takriban saa 6 misuli huanza kufa. Hogo lililobana hufanya hivyo, na vijiti vilivyokazwa kwa kamba hufanya zaidi. Dalili yake ni maumivu yasiyolingana na ajali, yanayoongezeka badala ya kupungua, na mgonjwa hupiga kelele mtu mwingine akimnyoosha vidole taratibu. Mapigo yanaweza kuwa bado yapo, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Tiba ni kupasua hogo lote, pamba hadi ngozi, palepale. Isipotulia, ni kuchana ile mifuko thieta. Ukiambiwa saa nane usiku "vumilia, ndiyo mifupa ilivyo", usivumilie. Gombana.

Paja la mtu mzima likivunjika, lita 1 hadi 1.5 za damu zinaweza kuingia ndani ya nyama bila tone kuonekana sakafuni. Fikiria chupa kubwa ya maji ya dukani, kwa mtu mwenye lita 5 hivi tu mwilini. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, askari waliovunjika paja kwa risasi wengi walikufa njiani. Kilichobadilisha hali ni kifaa chepesi: pete inayokaa kwenye mzizi wa paja, fito mbili za chuma, na mguu ukivutwa na kufungwa mwishoni ili vipande visiendelee kuchana nyama. Kilibuniwa na Hugh Owen Thomas wa Liverpool, na kikapelekwa vitani na mpwa wa mkewe, Robert Jones. Thomas alikuwa daktari aliyesoma, lakini baba yake alikuwa muunga mifupa wa jadi, na ukoo wao wa Wales uliifanya kazi hiyo kwa vizazi. Nalisema hili kwa sababu waunga mifupa wetu huongelewa kama washirikina tu. Kiswahili chenyewe kinakumbuka: kuganga ni kufunga pamoja kilichoachana, na gango ndicho kinachofungia, tunaposema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo, tunatumia lugha yao. Wapo wanaonyoosha kifundo vizuri. Wasichonacho ni picha ya kuona kipande kilichogeuka ndani, na dawa ya kidonda kilicho wazi, na hapo ndipo wagonjwa wao wanapofika hospitali vidole vikiwa vyeusi.

Mzee akivunjika nyonga hubaki na dalili inayoonekana kutoka mlangoni: mguu umefupika na unyayo umelala ukiangalia nje. Hapa sentimita chache zinaamua kila kitu. Mvunjiko ukiwa kwenye shingo ya mfupa wa paja, mishipa midogo inayolisha kile kichwa cha duara hukatika, na kichwa kinaweza kufa hata ukikipigilia vizuri namna gani. Kwa hiyo kwa kijana wapasuaji hukimbizana kukirudisha na kukifunga skrubu, ila kwa bibi ambaye kichwa kimehama hutoa kichwa chote na kuweka cha chuma. Ukiwa chini kidogo ya hapo, kwenye sehemu nene yenye damu ya kutosha, mfupa huunga wenyewe ukishikiliwa kwa chuma. Jambo moja halibadiliki: bibi asilale kitandani. Kulala kwa majuma kunaleta vidonda vya mgongo, nimonia na damu kuganda miguuni, na hivyo ndivyo vinavyoua, zaidi ya mfupa.

Sasa mifupa ya kiuno. Hii si mfupa mmoja bali pete: nyonga ya kulia, ya kushoto, na mfupa wa chini ya mgongo ukizifungia kwa nyuma. Chukua bangili ya udongo uijaribu kuivunja mahali pamoja tu. Haiwezekani, itaachia na pengine. Ndiyo maana picha ikionyesha ufa mbele, daktari hutafuta wa pili nyuma, au kano iliyochanika. Uainishaji wa Tile, mpasuaji wa Kanada, unauliza swali moja tu, pete bado inashika? Daraja A inashika: hapo wamo mabibi walioanguka wakapasua vifupa vya mbele, nao hupewa dawa ya maumivu na gongo la kutembelea. Daraja B imefunguka kama kitabu, uti wa nyuma ukiwa bado umeshika. Daraja C imeachia mbele na nyuma, nusu ya pete inaelea.

Kitabu kilichofunguka ndicho kinachotisha. Nyuma ya pete kuna wavu wa mishipa ya damu, na nafasi ikitanuka inaweza kumeza lita 2, 3 na zaidi. Huduma ya kwanza hapa ni ya bei rahisi kuliko zote nilizowahi kusikia: shuka au kitenge kilichokunjwa kwa upana, kizungushwe na kukazwa ili kitabu kifunge. Kosa linalofanywa ni kukifunga tumboni kama mkanda. Hapana, kinapita chini zaidi, kwenye zile nundu mbili za mfupa pembeni, juu kabisa ya mapaja, na magoti nayo yafungwe pamoja. Usiutikise mwili kupima kama kiuno kinacheza. Kila mtikiso unang'oa bonge la damu lililokuwa limeanza kuziba. Mwanamume akiwa na damu kwenye tundu la mkojo, mpira wa mkojo usiingizwe kabla ya kuchunguzwa, huenda njia ya mkojo imekatika ndani.

Kuhusu njia za kushikilia mfupa, ukiacha hogo, wodi zetu zilizoea kwa miaka mingi kuvuta: pini inapita kwenye muundi chini ya goti, kamba, roda, na uzito unaoning'inia mwisho wa kitanda. Paja huunga hivyo, hakuna anayebisha, ila gharama yake ni wiki 6 hadi 12 za kulala, duka limefungwa, pikipiki imerudishwa kwa mwenyewe. Njia iliyopiku kuvuta huko ni ya Gerhard Küntscher, aliyeanza Kiel, Ujerumani, mwaka 1939, kupitisha fimbo ya chuma ndani ya uboho kutoka ncha moja ya mfupa hadi nyingine. Tatizo kwetu lilikuwa mashine ya eksirei ya thieta, inayoonyesha tundu la skrubu liko wapi. Shirika la SIGN la Richland, Marekani, lililoanzishwa mwaka 1999 na daktari Lewis Zirkle, lilitengeneza fimbo inayokuja na mkono wa nje wa kulenga matundu bila mashine hiyo, na huzitoa kwa hospitali za nchi zetu. Muhimbili ni mojawapo ya zilizozitumia sana. Vile vyuma vinavyoonekana nje ya mguu, ambavyo wodini huitwa antena, ni vya majeraha machafu, kwa sababu chuma cha ndani mahali penye usaha ni mwaliko.

Vyovyote utakavyoshikiliwa, anayeunga ni mfupa wenyewe. Bonge la damu hugeuka gegedu laini ndani ya wiki 2 au 3, gegedu hugeuka mfupa usio na umbo, kisha mwili huchonga polepole kwa miezi na hata miaka. Sigara huchelewesha kazi hiyo. Wataalamu wa zamani walikuwa na hesabu ya George Perkins wa London: mkono uliovunjika kwa kuzunguka, wiki 3 kushikana, mara mbili yake kukomaa, mguu, zidisha mara mbili, mkato wa kukingama, zidisha tena mara mbili. Fanya hesabu. Mjomba, wiki 6 na 12. Kijana, 12 na 24.

Lakini kijana alikuwa na fimbo ndani. Siku ya pili baada ya thieta walimsimamisha kwa magongo, akapiga hatua kuelekea dirishani, jasho likimtoka, anacheka. Mjomba alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda akisubiri karatasi ya ruhusa, hogo limenyooshwa mbele kama kasia, goti halikunjiki, akijikuna kwa kijiti cha mshikaki. Mama wa kijana akamtazama, akaitazama ile plasta.

"Mzee," akasema, "na wewe mbona hawakukuwekea chuma?"